Kilo ya Paris "ilipungua": ilipungua kweli, au nakala zake ndizo zilizoongezeka?

#1 Mkorosho
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo limenikaa kichwani na nimeshindwa kulimaliza peke yangu. Kuanzia 1889 mpaka 2019, kilo moja ya dunia nzima ilikuwa ni kipande kimoja cha chuma kilichofungiwa chumba cha chini pale Sèvres, jirani na Paris. Kimo chake milimita 39, upana wake milimita 39, unakifumbata kiganjani. Kimefunikwa kwa vifuniko vya kioo, kimoja juu ya kingine, na mlango wa chumba haufunguki mpaka zikutane funguo tatu zinazoshikwa na watu watatu tofauti. Nchi wanachama zikagawiwa nakala.

Sasa nakala zilipokusanywa na kulinganishwa nacho kati ya 1988 na 1992, nyingi zilikutwa nzito kukizidi. Tofauti ilikuwa kama maikrogramu 50 katika miaka mia (maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu).

Nani alibadilika hapo? Mimi nasema kipande cha msingi ndicho kilichopungua. Nakala zimetawanyika nchi mbalimbali, hewa tofauti, watunzaji tofauti. Zitapatanaje zote kuongezeka upande mmoja? Karibuni.

#2 Mtu_wa_Kariakoo
Naweka kambi hapa. Wataalamu tunawasubiri.

#3 Ticha_Chemba
Mkorosho, uzi mzuri, ila tusahihishe mawili kabla watu hawajabeba.

Kwanza, sio chuma. Ni mchanganyiko wa platinamu asilimia 90 na iridiamu asilimia 10. Platinamu haishiki kutu, na iridiamu imeongezwa ili kuukaza mchanganyiko usikwaruzike ovyo. Chuma cha kawaida kingekula unyevu na kubadilika ndani ya mwaka.

Pili, tunachozungumzia ni tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, sio uzito. Uzito ni nguvu ya dunia kukivuta kitu, unabadilika ukihama mahali. Tungamo halibadiliki hata ukikipeleka mwezini.

Kwenye swali lako: kwa maana iliyokuwepo wakati ule, kipande cha Sèvres hakikuweza kupungua. Chenyewe ndicho kilichokuwa kilo. Kikipoteza chembe, basi vitu vingine vyote duniani vimeongezeka kilo zake, pamoja na wewe.

#4 Mkorosho
Ticha, hilo la sheria nimelielewa. Mimi nauliza la ukweli wa mambo. Atomu zilitoka au hazikutoka?

#5 Ticha_Chemba
Ndipo ubaya ulipo. Kutoka wapi? Ungelijua hilo kwa kukilinganisha na nini?

#6 Fundi_Mizani
Salaam wanajukwaa. Mimi mizani ndiyo kazi yangu, nachangia ninachokijua kwa mikono.

Mkorosho anauliza nakala zitapatanaje kwenda upande mmoja. Mbona ni rahisi: uchafu siku zote unaongeza, haupunguzi. Jiwe la mizani ukilishika kwa vidole tu umeshalizidisha. Hizo maikrogramu 50 ni kama mafuta ya alama ya kidole kimoja. Ndiyo maana karakana mawe ya daraja la juu tunayashika kwa koleo lenye ngozi au kwa glavu, na yanalala kwenye sanduku lenye kitambaa laini. Nakala za nchi zilitolewa nje mara nyingi kwa kazi. Mkubwa wao alitolewa mara chache sana. Aliyetembea ndiye aliyeshika vumbi. Mimi kura yangu ni nakala.

Niongeze kitu mkiangalia mtakiona wenyewe. Chukueni jiwe la kilo 5 au 10 la zamani, lile la chuma cha kuyeyushwa, mligeuze. Kuna tundu limezibwa kwa risasi, na juu ya risasi kuna mhuri. Jiwe likitoka kiwandani halitoki sawasawa, kwa hiyo tundu linajazwa risasi mpaka lilingane, halafu mkaguzi anapiga mhuri juu yake ili mtu akichokonoa aonekane. Niliwahi kuletewa jiwe na mfanyabiashara mmoja, mhuri umefutika na risasi imekwanguliwa, ndani ya tundu mna gundi na mchanga. Kwa nje lilipakwa rangi mpya inang'aa. Lilikuwa limepungua zaidi ya gramu mia na lilikuwa linapimia samaki kila siku.

#7 Binti_Rufiji
Dah. Wa Paris wanalia na maikrogramu, sisi gramu mia zinaondoka na gundi juu.

#8 Kemia_Kwanza
Namuunga mkono Fundi na naongeza ushahidi. Kuna watafiti wa Uingereza walichunguza uso wa platinamu za zamani za aina hiyo wakakuta zebaki. Inadhaniwa ilitoka kwenye vipimajoto na vipimahewa vya maabara, vikivunjika mvuke wake unaganda kwenye platinamu na hautoki kwa kuosha kwa kawaida. Juu ya zebaki kuna tabaka la kaboni kutoka hewani. Kwa hiyo nakala ziliongezeka.

#9 Mkorosho
Kemia, zebaki ingeshika na kipande cha msingi pia. Kilikaa jengo hilohilo la maabara miaka yote.

#10 Kemia_Kwanza
Ingeshika, ila kwa kiasi kidogo, kipo chini ya vioo.

#11 Nahodha_Pemba
Hamjagusia kuosha. Kabla ya kulinganisha, vipande vilisuguliwa kwa ngozi laini iliyolowekwa kwenye spiriti na etha, kisha vikapigwa mvuke wa maji yaliyochujwa mara mbili. Unaposugua, kitu kinaondoka. Hiyo ndiyo sababu kipande cha msingi kimepungua. Mkorosho yuko sahihi.

#12 Fundi_Mizani
Nahodha, kwa hesabu hiyo nakala ndizo zingepungua zaidi, maana zinatumika sana na kuoshwa sana. Matokeo yamekuja kinyume. Hoja yako inampiga Mkorosho, haimsaidii.

#13 Mhandisi_Mwanza
Kuna nadharia ya tatu. Kipande cha msingi kilifuliwa London mwaka 1879, kikachaguliwa 1883 kwa kuwa kilikuwa sawa kabisa na kilo ya zamani ya Ufaransa ya 1799. Zile arobaini nyingine zilitengenezwa 1884, ni mfuo mwingine. Madini yakiyeyushwa hunasa gesi ndani, haidrojeni hasa, ambayo inatoka pole pole kwa miaka mingi. Kama mfuo wa kwanza ulinasa gesi nyingi kuliko wa pili, kipande cha msingi kitapungua taratibu na nakala zitabaki. Hapo huhitaji vumbi wala zebaki wala ngozi.

#14 Mkorosho
Asante Mhandisi. Hii imenikaa vizuri kuliko zote.

#15 Ticha_Chemba
Imekukaa kwa sababu inakubaliana na wewe. Gesi hiyo hakuna aliyeipima ikitoka kwenye kipande chenyewe.

#16 Mama_Viazi
Mnisamehe ndugu zangu, mimi nalima viazi Makambako na nimesoma uzi wote. Maikrogramu 50 zinanihusu nini, wakati dalali anakuja na gunia lake, analishonea kilemba juu kwa kamba, na anataka kulinunua kwa bei ya gunia moja? Lumbesa. Sheria inasema kilo zisizidi 100. Nimeshawahi kuomba tupime, akaniambia nipande basi na mizani yangu nikamtafute mteja mwingine. Nikauza. Viazi vilikuwa vimeshachimbwa, vingeoza.

#17 Kiazi_Nyandarua
Pole sana mama. Huku Kenya gunia la viazi kikanuni ni kilo 50, kanuni za 2019. Lakini ukifika shambani bado utaona gunia limevimba vilevile. Kanuni iko, mizani haipo shambani, na dalali ndiye mwenye lori.

#18 Mkorosho
Mama Viazi, shikamoo. Hilo ndilo limenifanya nianze uzi. Nyumbani kwetu ni korosho. Mwaka mmoja tulipima kwa mizani ya nyumbani, tukapeleka ghalani, kila gunia likasoma pungufu ya kwetu kwa kilo na ushee. Tukauliza, tukajibiwa korosho zimekauka njiani. Njiani ni mwendo wa nusu saa. Tukanyamaza kwa kuwa hatukuwa na kitu cha tatu cha kuamua kati ya mizani yetu na yao. Nilipokuja kusoma habari za Sèvres nikaona ni kesi yetu ileile: mizani mbili zinatofautiana, na moja imepewa mamlaka ya kuwa sahihi.

#19 Fundi_Mizani
Kitu cha tatu kipo, Mkorosho. Mizani ya biashara lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika yenye mwaka. Stika ikiwa ya zamani, una haki ya kuikataa mizani hiyo. Na ukiwa na shaka, mkaguzi anakuja na mawe yake, anayaweka juu ya mizani mbele yenu wote. Mawe yake yamelinganishwa na mawe ya juu zaidi, na hayo na ya juu zaidi, mpaka kwenye kilo ya taifa, na ile mpaka Sèvres. Mnyororo huo ukikatika katikati, namba inayosomeka kwenye kioo ni mapambo.

Mama Viazi, kwa hiyo zile maikrogramu zinakuhusu. Ni mbali, lakini wewe ndiye uko mwisho wa mnyororo.

#20 Mama_Viazi
Mkaguzi atafika lini shambani kwangu?

#21 Ticha_Chemba
Wakati tunangoja swali la Mama lijibiwe, niseme jambo ambalo wauza mizani wengi hawalisemi. Mizani ya kielektroniki haipimi tungamo, inapima msukumo, halafu inagawa kwa nguvu ya uvutano iliyosetiwa. London uvutano ni kama 9.81. Nairobi, iliyo karibu na ikweta na juu mlimani, ni kama 9.775. Mizani iliyosetiwa Ulaya ikaletwa Nairobi bila kurekebishwa itasoma pungufu karibu gramu 400 kwa kila kilo 100. Hakuna aliyekwiba. Ni dunia tu.

#22 Binti_Rufiji
Kumbe! Na mizani ya mikono miwili, ya mawe?

#23 Ticha_Chemba
Hiyo haiathiriki. Jiwe na korosho vinavutwa na dunia ileile, kila upande unapungukiwa sawasawa. Mizani ya mawe iliyotunzwa vizuri ni kitu cha kuheshimiwa.

#24 Mkorosho
Ila gramu 400 hazifiki kilo na ushee. Na sisi wote tulikuwa wilaya moja.

#25 Ticha_Chemba
Sikusema ndiyo sababu yenu.

#26 Mzee_Malindi_Unguja
Assalaam alaykum. Nyinyi mwasema kilo kama kwamba imeanza na Adamu. Sisi karafuu tulikuwa tukipima kwa frasila, na frasila ni ratili 35, karibu kilo 16. Nafaka kwa pishi, na pishi ni vibaba vinne. Biashara ilikwenda toka hapa hadi Maskati na Bombay na watu walielewana.

Pishi mpaka leo twaitumia kwenye zaka ya fitri. Na kila Ramadhani watu wauliza ni kilo ngapi: mmoja atasema mbili na nusu, mwengine atasema tatu. Wote wana haki, kwa sababu pishi ni ujazo. Pishi ya mchele na pishi ya unga hazina kilo sawa. Usipojua kipimo kilipima nini toka asili, utagombana na jirani yako bure.

#27 Mhandisi_Mwanza
Mzee, shikamoo. Ulilolisema liliwapata hata wao. Kilo ya mwanzo ya Ufaransa ilikusudiwa iwe tungamo la lita moja ya maji baridi ya nyuzi 4. Baadaye wakagundua jiwe walilochonga halilingani sawasawa na maji. Kati ya 1901 na 1964 lita rasmi ilikuwa ujazo wa kilo moja ya maji, na ikawa kubwa kuliko desimita moja ya ujazo kwa sehemu 28 katika milioni. Miaka zaidi ya sitini kulikuwa na lita mbili zinazokaribiana, na ukisoma kitabu cha zamani cha maabara lazima uangalie ni ipi. Mwaka 1964 wakarudi kwenye desimita ya ujazo.

#28 Mpima_Ardhi
Mita nayo ina kesi. Ilipangwa iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Wapimaji wa Kifaransa, Delambre na Méchain, wakatumwa 1792 kupima mstari wa Dunkirk hadi Barcelona, katikati ya mapinduzi. Walikamatwa mara kadhaa kwa kudhaniwa wapelelezi, maana wanapanda minara na kuchungulia kwa darubini. Mita ikatoka 1799, pungufu karibu milimita 0.2 ya ilivyokusudiwa. Hawakuirekebisha. Fimbo ikabaki kuwa mita. Leo mita ni umbali ambao mwanga unakwenda katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde, toka 1983, lakini namba hiyo imechaguliwa ili ilingane na fimbo ileile ya 1799.

Na hapa kwetu kuna ugomvi nakutana nao kila mwezi: eka. Watu wanasema eka ni 70 kwa 70. Ni kweli, lakini kwa hatua, yaani yadi. Eka ni yadi za mraba 4,840, na 70 kwa 70 ni 4,900, zinakaribiana. Mtu akija na futi kamba ya mita akavuta mita 70 kwa 70, anapata mita za mraba 4,900 wakati eka ni kama 4,047. Muuzaji amempa mnunuzi ziada ya ardhi kama moja ya tano ya eka bila kujua. Mwaka ujao mtoto wa muuzaji anapima kwa hatua zake na kesi inaanza.

#29 Mtu_wa_Kariakoo
Mpima Ardhi umenigusa. Nina shamba Mkuranga la eka tatu "za 70 kwa 70" na hati haisemi ni hatua au mita. Nifanyeje?

#30 Mpima_Ardhi
Weka mawe ya mipaka mbele ya mashahidi, andika mita za kila upande, wote wasaini. Achana na neno eka kwenye karatasi.

#31 Rubani_Mstaafu
Kuchanganya vipimo kunaua, vijana. Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 angani. Canada ilikuwa inahamia mfumo wa mita, ndege ile ilihesabu kwa kilo, na waliojaza wakatumia 1.77, ambayo ni ratili kwa lita, badala ya karibu 0.8 ya kilo kwa lita. Walihitaji kilo 22,300, wakaondoka na chini ya nusu. Rubani aliiteleza bila injini mpaka uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli, hakuna aliyekufa. Tulifundishwa kisa hicho darasani: namba bila jina la kipimo usiipokee kwa mtu yeyote.

#32 Bujumbura_Leo
Turudi kwenye kilo tafadhali. Sasa hivi kilo ni nini, kama sio kile kipande?

#33 Ticha_Chemba
Novemba 16, 2018 nchi wanachama zilikutana Versailles zikapiga kura, na mabadiliko yakaanza Mei 20, 2019. Tarehe hiyo ni kumbukumbu ya Mkataba wa Mita wa 1875. Sasa konstanti ya Planck, namba ya maumbile isiyobadilika inayotumika kwenye fizikia ya vitu vidogo sana (kwanta), imefungwa kwenye namba kamili, 6.62607015 mara kumi kipeo cha hasi 34, na kilo inatokana nayo pamoja na mita na sekunde.

Kwa vitendo, njia moja ni mizani ya Kibble, iliyobuniwa na Bryan Kibble huko Uingereza mwaka 1975. Upande mmoja unaweka jiwe, upande wa pili kuna koili ya waya ndani ya sumaku. Unapitisha umeme mpaka nguvu ya sumaku ibebe jiwe. Kisha unatoa jiwe na kuisogeza koili kwa mwendo unaojulikana, unapima volti inayozaliwa. Ukiunganisha vipimo viwili, nguvu ya sumaku na urefu wa waya vinajifuta kwenye hesabu, na hizo ndizo zilikuwa ngumu kupimika. Inabaki umeme, mwendo na uvutano wa mahali. Umeme unapimwa kwa njia za kwanta ambazo moja kwa moja zinabeba konstanti ya Planck.

#34 Kemia_Kwanza
Na njia ya pili ni tufe la silikoni, kipenyo karibu milimita 94, lenye atomu za aina moja tu, silikoni-28. Unapima kipenyo, unapima nafasi kati ya atomu kwa miale ya eksirei, unajua kuna atomu ngapi. Kwangu hii ni nzuri kuliko ya Kibble: unahesabu vitu vilivyopo.

#35 Fundi_Mizani
Hapo hapo wakuu. Mizani hizo za Kibble na matufe zilipolinganishwa, hazikukubaliana kiasi cha kutosha. Kwa hiyo toka Februari 2021 nchi hazijitangazii kilo kila mmoja kivyake, zinatumia thamani moja ya makubaliano inayotokana na vipimo vya maabara zote. Mmeondoka kwenye kipande kimoja mkaingia kwenye kikao.

#36 Ticha_Chemba
Ni kwa muda, mpaka zikubaliane. Na tofauti yake ni kubwa: sasa nchi yoyote yenye uwezo inaweza kujenga mizani yake na kumpinga mwingine kwa vipimo. Zamani ilibidi ubebe jiwe lako mpaka Sèvres ukaambiwe limekosea.

#37 Nahodha_Pemba
Nchi yoyote yenye pesa, Ticha.

#38 Mhandisi_Mwanza
Kuna jambo la kuongeza kwenye #1 ya Mkorosho. Kipande cha msingi kilitolewa tena 2014 kabla ya mabadiliko. Safari hiyo kilikutwa hakijaachana zaidi na nakala zake rasmi zilizokaa nacho chumba kimoja, toka vile vipimo vya 1988 hadi 1992. Yaliyopotoka ni mawe ya kazi ya maabara ileile, yale yanayotumika kila siku kupimia nakala za nchi. Yalikuwa yamehama kwa maikrogramu 35 hivi. Kwa hiyo mawe ya kazi yalichakaa kwa kutumika.

#39 Nahodha_Pemba
Yalichakaa! Si nilisema kuosha na kutumia kunapunguza?

#40 Fundi_Mizani
Kwa mawe ya kazi nakubali. Kwa nakala za 1988 bado nasema vumbi.

#41 Mkorosho
Na mimi bado nasema gesi. Ila Ticha, swali langu la #4 halijajibiwa. Kipande si bado kipo? Sasa kinaweza kupimwa kwa Kibble.

#42 Ticha_Chemba
Kipo, kimetunzwa vilevile, na sasa ndiyo kwa mara ya kwanza kina tungamo linaloweza kupimwa. Siku ya mabadiliko kiliandikiwa kilo 1, na shaka ya maikrogramu 10. Kikipungua kuanzia 2019 tutajua. Kilichotokea kabla ya hapo hakuna mizani ya kurudi nyuma kukipima.

#43 Kemia_Kwanza
Uso wake unaweza kuchunguzwa. Zebaki ikikutwa juu yake na ikapimwa ni kiasi gani, sehemu ya kesi imefungwa.

#44 Mhandisi_Mwanza
Sehemu. Gesi iliyokwishatoka huikuti juu ya uso.

#45 Mama_Viazi
Fundi, hujanijibu. Na hii nyingine: nikinunua mizani yangu mwenyewe ya saa, ile ya kuning'iniza, nani anaihakiki, na dalali akiikataa nimshitaki wapi?

#46 Fundi_Mizani
Mama, samahani, swali lako lilinipita. Peleka mizani ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa wako, unalipia, wanaijaribu kwa mawe na kubandika stika. Ila uliza kabla hujanunua, maana mizani nyingine za kuning'iniza zinazouzwa mtaani ni za jikoni, hazikubaliwi kwa biashara. Kununua kwa lumbesa ni kosa, taarifa unaweza kupeleka hapo hapo wakala au kwa uongozi wa kijiji. Mkiwa wakulima kumi wenye mizani moja iliyohakikiwa, dalali atapima tu, kwa sababu lori haliwezi kurudi tupu.

#47 Mama_Viazi
Asante. Tuko saba. Tutachanga.

#48 Kiazi_Nyandarua
Mama, mkianza leteni majibu humu, na sisi huku tuige.

#49 Mtu_wa_Kariakoo
Wakuu, mmemaliza kilo. Kuna anayejua pampu ya petroli inapimwaje? Jua la saa nane mchana petroli inatanuka, lita ya mchana ni sawa na lita ya alfajiri?